Jiwe Lililonyamaza

Jumatano, Ibra, soko la wanawake.
Tumekuja na pete mbili ndani ya leso,
mimi na dada yangu Ghaniya.
Mama alitoka nazo Pemba, zimeshonwa kwenye upindo wa gauni;
arobaini yake haijatimu.

Bi Shinuna hapimi kito kwa taa.
"Taa ya duka ni mshenga," anasema
kwa Kiswahili chake cha Bujumbura,
"kila bwana kwake mzuri."
Akavaa ndara, huyo, akatoka uchochoroni
saa sita kamili, jua la kubabua nyayo,
paka wenyewe wamejibana chini ya magari.

Akafungua kiganja.
Pete ya Ghaniya ikawaka.
Si kumeremeta; kioo nacho humeremeta.
Iliwaka kama kaa lililopulizwa,
hata kiganja kikaonekana kimetiwa hina.
Yangu ikabaki nyekundu ya komamanga lililokauka,
kimya.

"Yangu bandia?"
Koo limenikauka, wala si kwa kiu.

"Zote yakuti, mwanangu.
Yakuti safi haina rangi, ni kama maji.
Wekundu umeletwa na mgeni, kromiamu,
chembe chache tu zilizopenya
jiwe lilipokuwa likipikwa ardhini.
Na mgeni huyu ana tabia:
humeza nuru ya kijani, humeza ya zambarau,
humeza na ile miale ya jua tusiyoiona,
kisha huirudisha kwa rangi moja, nyekundu.
Kivulini jiwe, juani kaa."

"Na langu?"

"Lako limeingiwa na chuma.
Chuma akikaa jirani na kromiamu
huidaka nuru kabla haijafika mlangoni."

Ghaniya akacheka, akavaa yake.
Ghaniya, ambaye akiingia chumbani
wageni huacha vikombe vya kahawa hewani.
Alikuja Idi mbili kwa mwaka, na manukato.
Mimi nilibaki.
Miaka tisa ya kumgeuza mama ubavu,
kupima sukari yake, kufua mashuka usiku
ili majirani wasiyaone kambani.

Nilikwisha kuifunga leso
nikauliza, kama anayeuliza bei ya ndimu:
"Hiyo nuru, chuma huipeleka wapi?"

Bi Shinuna alikuwa ameshageuka kurudi kivulini.
"Haipotei. Huwa joto.
Dogo mno, mkono hauwezi kulihisi."
Akaanza kumpimia mwenzetu bangili za fedha.

Ghaniya aliendesha, mkono nje ya dirisha,
kaa lake likipunga upepo
mpaka tulipopita kituo cha petroli.
Mimi nilivaa yangu kidole cha kati,
jiwe nikaligeuzia ndani,
nikakunja ngumi.

Lilikuwa na joto.
Ndiyo, saa saba mchana, mwezi wa sita;
hata mkanda wa kiti ulikuwa na joto.
Sikutaka kujua zaidi.