Kibanda cha Video, Walukuba

Ngumi inapita shubiri nzima mbele ya kidevu,
adui anaanguka hata hivyo,
nasi tuliotia mia tano tano kwenye kopo la Nagudi
tunapiga mabenchi kwa furaha.
Kipaza sauti kinaning'inia juu ya picha kama popo.
Nani anajali?
Mwenzetu ana nywele za mviringo, koti la ngozi,
mweusi kama Waiswa muuza mkaa,
na leo si yeye anayekufa kwanza.

Mtafsiri anakohoa, anamtungia maneno:
"Ushuru wa soko? Njoo uuchukue!"
Kagoya anacheka mpaka karanga zinamwagika.

Umeme unakatika risasi ikiwa hewani.
Hatutoki.
Gizani mtu anaimalizia kwa mdomo:
ta!
Kisha, mbali kidogo, mwingine:
pu.