Kabari

Fomu ina mistari saba.
Jina: Mbelwa Semhando. Kazi: kuli.
Mahali: ghala la katani, Gofu, mlango wa pili.
Kimo cha kuanguka: futi nne.

Futi nne!
Mwanangu huruka futi nne kutoka ukutani, kule Makorora,
akacheka, akapanda tena.
Lakini mwanangu hasukumi toroli
lenye robota la kilo mia mbili na hamsini.

Lori lilirudi kinyumenyume likagusa jukwaa.
Wakatandika ubao.
Wa kwanza alipita.
Wa pili alipita akipiga mluzi.
Wa tatu, lori likasogea
kiasi cha shubiri.
Sikusikia yowe, nilisikia ubao.
Kisha vumbi la katani likashuka taratibu,
likamfanya Mbelwa mzee wa nyusi nyeupe,
yeye aliyezaliwa mwaka mmoja na mdogo wangu.

Bombo wanasema ni nyonga.
Mkewe, Mwanamkasi, hakuniuliza lini atatembea.
Aliuliza ndala ya pili iko wapi.

Mstari wa sita: Sababu.
Mfupi, hautoshi hata kidole.
Meneja kapiga simu: "Andika uzembe.
Neno moja, karani, usitunge hadithi."

Uzembe, sawa. Wa nani?

Ipo kabari ya mvule, ina kamba ya kuivutia,
imelala chini ya magurudumu ya malori
tangu kabla sijaajiriwa.
Joto la Februari lilipozidi
niliichukua mimi, nikaitia chini ya mlango wa ofisi
nipate upepo.
Mbelwa aliidai mara moja tu:
"Karani, kabari yetu?"
"Kesho," nikamwambia, sikuinua hata kichwa.
"Haya. Hiyo kesho yako isije ikaota magurudumu."
Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka zaidi.

Sasa naandika. Neno halienei mstarini,
linapanda pambizoni, linapinda,
linateremka hadi penye sahihi yangu:
kabari ilikuwa kwangu.

Nimeinama nikavuta kamba.
Imetoka na utando wa buibui
na risiti ya chai ya mwezi wa pili.

Mlango umejibamiza nyuma yangu kwa kishindo,
na ghala zima, toroli mikononi,
limegeuka kutazama
nani tena kaanguka.