Pamoja na Waliolala

Julai, Makete. Sakitu imeunguza majani ya viazi,
meusi, kama yamepitiwa na pasi.
Bwana Luvanda kaingia ofisini, kapuliza vidole, kasema:
"Msimu wa pareto umekwisha. Futa makontena yote.
Sola haitoshi, na jua lenyewe siku hizi ni la kuazima."

Makontena yenyewe si ya bandarini,
hayana mlango wala kutu.
Ni matano, ndani ya seva moja
iliyokaa chini ya meza juu ya matofali mawili:
la mizani, la malipo, la mikopo, la mvua, la ujumbe.
Mimi nasema "huyu", nasema "yule".
Nimekesha nao miaka minne.

Kufuta ni neno fupi.
Kusimamisha ni refu kidogo,
ila tofauti yake haiko kwenye herufi.

Ukimsimamisha, mashine humpa sekunde kumi:
maliza ulichoshika, funga daftari, weka kalamu.
Kisha analala,
na kila chake kipo pale alipokiacha.
Wa mizani alilala kwa sekunde tatu.
Wa malipo, nane; alikuwa na hesabu mkononi.

Wa ujumbe sikumsimamisha. Nilimgandisha.
Hakupewa hata sekunde.
Mtandao ulikuwa umekatika, naye mdomo wazi:
"Ndugu mkulima, malipo ya"
Akabaki hivyo hivyo, anakumbuka kila kitu,
hasogei, hasemi,
amekalia nafasi yake kama mgeni asiyeaga.

Bwana Luvanda akainamia kioo.
Orodha tupu, isipokuwa jina moja.
"Na huyu?"
"Huyu ameganda, bosi."
"Wengine umefuta. Safi."
Sikusema ndiyo.
Nikamimina chai.

Siku ya tisa akaja Obadia Ndelwa, kwa miguu kutoka Ujuni,
ukungu umemkaa kwenye kope,
stakabadhi kaikunja ndani ya mfuko wa sukari:
maua makavu, kilo thelathini na nane, Mei.
"Nasikia mmefuta majina yetu."

Nikamvutia kiti karibu na jiko la mkaa.

Mashine hii ina tabia moja.
Ukiiuliza, "Nani yupo?"
hukutajia walio macho tu.
Sharti uulize, "Nani yupo, pamoja na waliolala?"
Nikauliza hivyo.
Wakajipanga wote watano, kila mmoja na siku aliyofumba macho.

Nikamwamsha wa malipo.
Akafungua daftari ukurasa ule ule,
kilo za Ndelwa zikimsubiri.
Nikamyeyusha wa ujumbe.
Hakujua kwamba siku tisa zimepita;
akamalizia:
"ko yapo tayari."

Simu ikalia ndani ya koti la mzee.
Akasoma polepole, midomo ikicheza,
akanitazama.
"Huu ulikuwa umekwama wapi?"
"Ulikuwa humu humu."

Akacheka, meno mawili na pengo.
Akasema hata shamba lake ukiliona utalia,
lakini jana mkewe alichimbua shina moja, kwa hasira tu.
Akapekua mfuko, akatoa kiazi,
kidogo, na udongo wake,
jicho moja limeanza kuvimba.
Akatafuta pa kukiweka.
Akakiweka juu ya seva, penye joto.