Kati ya Mlio na Mlio

Karakana yetu, Langoni, inanuka mti uliokatwa jana
na mafuta ya kitani yaliyomwagika kabla sijazaliwa.
Watu hudhani tumeishi kwa milango.
Milango ni ya mwaka wa neema.
Miaka mingine tumekula vitako vya bunduki.

Babu Shekuwe alipima silaha kwa Alhamdu.
Gobore, alisema, ukishalifyatua
unamimina baruti, unashindilia kwa mdeki,
tambara, goroli, tambara tena,
unakagua jiwe la gumegume kama lingali na meno,
na yule uliyemkosa, kule mikokoni,
ana wasaa wa kuisoma sura nzima, aya saba,
aitikie Amin kwa kituo,
ndipo aamue kukimbia.
"Vita vya adabu," alisema, akacheka,
na mkono wake wa kulia una vidole vitatu,
maana adabu hiyo siku moja ilimlipukia.

Baba, Bunu, alizikuta za Keya, za komeo.
Alilipenda lile komeo. Mtu wa milango, vipi asilipende?
Inua, vuta, sukuma, laza.
Risasi kumi tumboni, zimelala kama dagaa.
Kitako cha mti wa Ulaya ambao kwetu hauna jina,
na ulipopasuka aliuunga kwa mbambakofi
mpaka askari wakalalamika
bunduki imeelemea nyuma, kama mja mzito.
Ninayo stakabadhi, mwaka wa arubaini na tatu:
kitako kimoja, shilingi mbili na nusu,
na alama ya dole gumba la sajini.
"Alhamdu haikutosha tena," Baba alikiri.
"Ilibaki Bismillahi. Na uiseme mbio."

Yule konstebo alikuja macho ya Baba yashaingia ukungu.
Moseti, mtoto wa Kisii,
kwao watu huchonga mawe, alitwambia,
viboko na vinara, mawe laini kama sabuni.
Akaiweka juu ya meza, kati ya patasi na randa,
nyeusi yote, kitako kina ufa.

Baba akaigonga kwa kifundo cha kidole.
Akainusa. Akapitisha ukucha juu yake, kwenda na kurudi.
"Haina nyuzi," akasema.
"Mti una huku na kule. Hiki hakina kibla.
Siwezi kuunga kitu kisichowahi kunyeshewa."

Kisha, kwa sababu alikuwa Baba, akauliza inavyosema.
Moseti akamwonyesha kitufe kando ya mtambo:
"Hapa imelala. Hapa moja moja. Hapa..."
"Hapo mtu asoma nini?"
Kijana hakulielewa swali. Alinitazama mimi.
Nikamfafanulia, nikiona haya kidogo,
hesabu ya babu yangu.
Akanyamaza. Akakirudisha kitufe mahali pa kulala
ingawa kilikuwa hapo hapo.
"Hapo, mzee, hakuna. Hapo hata pumzi yako huisikii."

Pakawa kimya cha msasa.
Halafu akauliza, kama mtu anayeogopa kutoka mikono mitupu,
kama tunachonga mitalawanda.
Bafu la kambini linateleza, alisema,
wiki iliyopita ameanguka mbele ya inspekta.

Baba alizichonga kabla ya magharibi, kwa kupapasa,
akiushika mguu wa yule kijana kama mkate.
Shilingi ishirini. Thelathini alizikataa.

Moseti akaondoka nazo miguuni, hakungoja bafu,
ufa umefungwa kwa utepe wa fundi umeme,
bunduki begani, hajui kutembea.
Ko.
Akashika ukuta.
Ko.

Nilikuwa nimesimama kizingitini.
"Umefika wapi?" Baba akauliza toka ndani,
na kumbe naye alikuwa akihesabu.
"Bismillahi," nikasema. "Na Rahmani, nusu."
"Ya Keya hiyo," akasema. "Ya komeo."
Na akaanza kuzoa vumbi la mti kwa kiganja.