Kuelekea Kwako

Somo la kwanza halikuwa na uzi.
Shangazi Munduru alichana ukurasa wa gazeti la juzi,
akauweka chini ya sindano, akaniambia: shona.
Mguu wangu ukarukia kanyagio.
Akanipiga gotini kwa futi ya mbao.
"Mguu una haraka, haujui njia.
Anza na huyu."

Huyu lilikuwa gurudumu la mkono, ubavuni kwa cherehani,
weusi wake umechujuka ukabaki weupe wa chuma
pale vitanga vya wanawake watatu vilipopita.
Tulikuwa barazani kwa muuza mbolea, Oli, mjini Arua,
na vumbi la chokaa likitufanya wazee kila alasiri.

"Lizungushe. Siyo huko. Kuelekea kwako.
Kama unavuta mtoto asiingie barabarani."
Nikavuta. Sindano ikainama, ikainuka,
ikaacha tundu moja katika uso wa mtu nisiyemjua.
Wiki nzima nilitoboa habari za nchi.

Nikauliza: na nikilirudisha nyuma?
"Hulirudishi."
Siku moja alipokwenda kununua angara sokoni, nililirudisha.
Uzi ukajisokota chini, kiota cha ndege mvivu,
na aliporudi hakuuliza kitu. Alinipa wembe.

Mengine yalikuja yenyewe, mkononi, bila maneno.
Kwenye ncha ya kola, mguu upumzike,
zamisha sindano kwa gurudumu, iache imesimama ndani ya nguo,
ndipo unyanyue kibati, ugeuze.
Jinzi za wateja wa Ariwara, pindo tabaka sita:
tundu moja, pumua, tundu moja,
usikilize chuma kinanung'unika kabla hakijavunjika.
Na kile kifundo cha katikati, ukijaza bobini, kilegeze:
gurudumu litakimbia peke yake
na sindano itakaa kimya, kama bibi harusi.

Kisha ikaja Januari, na sare za shule mia na arobaini,
na mvua ikipiga mabati tusisikiane.
Nilikuwa nahesabu pesa ambazo hazikuwa zangu.

Sikulia. Nilishangaa tu
kukiona kidole changu cha shahada kimetulia pale,
kimeshikwa chini ya kibati na kitambaa cha kijani,
kana kwamba kilikuwa sehemu ya oda.

Hakusema pole.
Alinishika kifundo cha mkono nisivute,
akainama, akautazama ule mwamba wa sindano:
unapanda au unashuka?
Ulikuwa bado unashuka.
Kuelekea kwangu kulikuwa mfupa.

Basi akaweka vidole viwili juu ya gurudumu
na akalirudisha nyuma.
Yeye. Nyuma.
Robo ya mzunguko, taratibu kama mtu anayefunga mlango
wa chumba chenye mtoto aliyelala,
na sindano ikatoka nyamani, nyembamba, safi,
damu ikachelewa kidogo, kisha ikakumbuka.

Chini uzi ulikuwa umevurugika vibaya.
Akaketi kuukata, nusu saa, wembe ule ule,
mimi nimefungwa kipande cha kijani kidoleni.
"Nilikukataza kwa ajili ya uzi," alisema bila kuinua macho.
"Uzi hununuliwa."

Cherehani sasa ni yangu, na muuza mbolea amehama.
Kijana wa dada yangu, Onzima, amekuja kujifunza.
Mguu wake, kama wa ukoo mzima, una haraka.
Jana ameniuliza: na nikilirudisha nyuma?
Nimesema hulirudishi,
nikakikunja kidole.
Amekiona.
Akalitazama gurudumu, akanitazama.
Nimechana ukurasa wa gazeti, nimempa.