Shikamoo Ina Jibu Moja

Nilipokuwa mdogo niliipenda shikamoo.
Unaipeleka, inarudi marahaba, basi, mlango umefungwa.
Haikuwa na kona.
Iliyonitesa ni misururu iliyofuata:
habari za nyumbani, za mama, za masomo, za tangu juzi,
nami nimesimama pale, kikapu mkononi,
nikizitafuta kweli, moja moja, nisije nikasema uongo.
"Mama amekasirika. Jana tulilala bila mboga."
Mama alinifinya. Bega linakumbuka hadi leo.

Shangazi Mwanakombo alisema: mtoto huyu hana haya.
Mwalimu alisema: ana kiburi, haniangalii usoni.
(Nilikuwa naangalia chaki. Chaki haikunidai kitu.)

Hapa Sheffield wanakuuliza u mzima huku wakipita,
na jibu hawalisubiri.
Miaka kumi na tisa nimejibu migongo.
Kazini, kwenye dobi la hospitali,
nimefanyia tabasamu mazoezi mbele ya kioo cha choo,
sekunde tatu, meno ya juu tu,
kisha nikarudi nyumbani nikalala na viatu,
maneno yameniishia ghafla, kama luku.

Barua ilikuja Jumanne, bahasha ya kahawia.
Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja.
Daktari, mama mwenye sauti ya chini,
alikuwa ameandika neno nililodhani ni la watoto tu:
usonji.
Niliisoma jikoni, nimesimama. Nikaisoma tena kwenye ngazi.
Sikulia siku hiyo.
Nililia Ijumaa, dukani, mbele ya vitunguu,
nilipomkumbuka yule mvulana wa kikapu
aliyefinywa kwa kusema kweli.

Ndugu zangu, kwa simu: "Acha mambo ya Wazungu.
Mbona uliajiriwa? Mbona ulioa?"
Sikuwa na la kuwajibu, ila kwamba
mtu akitembea na msumari kiatuni miaka hamsini
huonekana anatembea.

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, juu ya duka la rangi,
tuko tisa; kumi, mvua isiponyesha.
Taa za dari huzimwa. Hakuna anayelazimishwa kupeana mkono.
Tamsin anafuma sufu, hesabu midomoni.
Dermot amelala chali juu ya zulia, anasikiliza kila kitu.
Idris anazijua ratiba za tramu tangu ile ya kwanza,
na akianza hatumkatizi:
tunasafiri naye hadi kituo cha mwisho.
Winsome hutupigia simu zetu, za benki, za baraza la mji, za meno,
maana simu kwake si kitu,
ila duka kubwa haliingii, zile taa humpigia kelele,
basi mimi humnunulia: maziwa ya kifuniko cha kijani, mkate uleule.
Siku mbili zikipita hajaniona, hutuma alama moja tu,
nukta.
Nami narudisha nukta.
Upo? Nipo.

Februari alikuja Bi Enid, miaka sabini na sita,
barua yake mkobani, imekunjwa mara nne,
akakaa karibu na mlango, koti mwilini.
Mumewe alikufa akimwita jiwe.
Wiki tatu hakusema neno. Hatukumdai.
Wiki ya nne aliniuliza watu wa kwetu husalimianaje,
nikamweleza, zile habari zote, ndefu kama foleni ya mishahara,
akafumba macho kwa uchovu.
Nikamwambia ipo nyingine,
ya mtu wa umri wako.
Jibu lake moja. Halibadiliki hata siku ya huzuni.

Akaliandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa.

Sasa kila Alhamisi ananisubiri, koti bado mwilini.
Yeye anaangalia dirisha,
mimi naangalia zulia,
shikamoo,
na kutoka upande wa dirisha,
kwa lafudhi ya vilima vya huku, taratibu, bila kukosea:
marahaba.