Mpira wa Katikati

Wazungu wa karanga walituachia saruji Nachingwea:
kiwanja kimoja, nyufa zake zimeota mbigili.
Mistari tuliichora kwa salfa ya mikorosho
iliyobaki kwenye kiroba cha baba yake Skola.
Watoto kumi na mmoja, raketi nne.
Nani angepewa upande mzima peke yake?
Ndivyo nilivyokuwa mchezaji wa wawili wawili.
Sikuchagua. Tulikuwa wengi.

Skolastika Mnyawami alisimama wavuni,
mkono nyuma ya mgongo, akisema nami kwa vidole:
kimoja, nabaki; viwili, navuka;
ngumi, anzisha tu dada, Mungu anaona.
Mgongo ule niliusoma kuliko daftari.

Kisha goti lake, kule Masasi, mashindano ya shule.
Mimi nikaenda.

Miaka kumi na saba. Wenza kumi na wanne.
Uwanja namba tisa, jirani na maegesho,
saa watu wanapokula, watazamaji sita,
mmoja wao fundi wa nyuzi anasubiri nimlipe.
Zawadi huigawa kwa mbili kabla hujaishika;
chumba kwa mbili, teksi kwa mbili,
lawama tu ndiyo haigawanyiki.
Nilijifunza kusema "yangu!" kwa lugha saba
na "yako!" kwa lugha nane.
Mmoja alinipa talaka kwa ujumbe wa simu
nikiwa bado nafua soksi zake.
Kombe tulilipata, mara moja.
Yeye aliondoka nalo, mimi nikabaki na kifuniko.

Nimerudi msimu wa korosho.
Skola yuko ghalani, chama cha msingi, anapima magunia,
kalamu sikioni, goti limefungwa kitenge.
Jioni tukaenda. Wavu hakuna;
tukafunga kamba ya katani, tukaanika magunia matupu.
Vijana wawili wa sekondari wakasimama ng'ambo,
wakatupa shikamoo huku wakicheka.

Mpira wa kwanza ukapita katikati yetu.
Nilisubiri aseme. Naye alisubiri.
Ukadunda, ukaishia kwenye mbigili.

"Ule ulikuwa wako," akasema.
"Tangu lini?"
"Tangu Masasi."

Akachechemea hadi kwenye magunia,
akanipa mgongo, mkono nyuma.
Jua lilikuwa limeshaingia mikoroshoni
na macho yangu si yale:
sikuona kama ni kimoja
au viwili.
Nikaanzisha.